Shamba la Uzeeni: Jinsi ya Kupanga Upya Kazi za Shamba Dogo Nguvu Zinapopungua

Shikamooni wazee wangu. Mwongozo huu nimewaandikia ninyi mliovuka miaka 60, mnaolima nusu ekari, ekari moja au mbili, na kila msimu mnaona jembe linazidi kuwa zito. Nawaandikia pia watoto wenu walioko Dar, Arusha na Nairobi, ambao kila wakipiga simu wanasema, "Mzee, acha kulima, pumzika sasa." Sikubaliani nao. Mtu aliyelima maisha yake yote ukimkalisha barazani ghafla, misuli inalegea upesi, usingizi unapotea, na mboga aliyokuwa akiichuma mwenyewe inageuka kitu cha kuomba hela ya kununulia. Mwili ukipungua, shamba ndilo libadilike: vitu vizito viondoke mikononi mwako, kazi za kuinama zipande juu, na za mbali zisogee karibu na mlango.

Mifano mingi nitaitoa milimani kaskazini mwa Tanzania, Kilimanjaro, Upare na Usambara, kwa kuwa huko shida hii imekomaa. Mzee ana kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, cha migomba na mibuni kwenye mteremko, shamba la mahindi chini tambarare, ng'ombe bandani, na vijana wote wamehamia mjini. Anayelima kwingine atachukua kinachomfaa.

Hatua ya kwanza: pima mwili, kisha pima kazi

Anza hospitali au kituo cha afya kabla ya duka la pembejeo. Pima presha, sukari na macho. Mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji mfupi, na mzee anayeona vizuri hajikati na panga wala hakanyagi shimo. Kama unameza dawa za presha, mweleze daktari kwamba unafanya kazi juani, maana baadhi ya dawa hizo zinakupeleka haja ndogo mara nyingi, na nyingine zinakufanya uone kizunguzungu ukiinuka ghafla. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Kama huna kitambulisho cha matibabu ya mzee, muulize mtendaji wa kijiji au wa mtaa utaratibu wa kukipata.

Ukirudi nyumbani, chukua daftari la mjukuu. Kwa wiki nzima andika kila kazi unayoifanya, na mbele ya kila kazi jibu maswali haya: nimebeba nini, nimeinama kwa muda gani, nimetembea wapi na wapi, na asubuhi iliyofuata mwili uliamkaje? Jibu la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Misuli inayouma na kutulia baada ya siku moja ni uchovu wa kawaida. Goti linalovimba, kidole kisichokunjika, kiuno kinachotuma maumivu hadi mguuni, hizo ni kazi za kubadilishwa mara moja. Wiki ikiisha utashangaa kuona kulima kwenyewe si adui mkubwa. Kinachowamaliza wazee wengi ni kubeba.

Hatua ya pili: ondoa mizigo

*Maji.* Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na ukiibeba kwa mkono mmoja mgongo unapinda upande. Tumia madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au ya lita 5 kama mabega yanasumbua. Bora zaidi, maji yasibebwe kabisa. Paa la bati lenye mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linaangusha karibu lita 960. Hata ukitoa yanayopotea kwenye gata, bado una ndoo 40 na hujafika mtoni. Tanki likae upande wa juu wa bustani, juu ya msingi wa mawe, ili maji yashuke yenyewe kwa mpira. Kwenye mteremko hii ni neema ambayo watu wa tambarare hawana.

Kama tanki ni ghali, anza na ndoo moja yenye bomba chini, iliyoinuliwa mita moja kwenye jukwaa la miti, ikiunganishwa na mipira ya matone kwenye tuta la mboga. Mjukuu anaijaza asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi nyingine inafanywa na maji yenyewe.

*Majani ya ng'ombe.* Hapa naomba tusemezane ukweli. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji kilo 40 au zaidi za majani mabichi kila siku, na maji yasiyopungua ndoo mbili. Hiyo ni mizigo miwili ya kichwani kila siku ya Mungu, pamoja na sikukuu na siku unayoumwa. Ongeza hatari ya mnyama kukusukuma ukutani bandani. Najua ng'ombe kihambani si maziwa tu, ni samadi ya migomba na ni heshima ya nyumba. Hata hivyo, kama hakuna kijana wa kudumu pale nyumbani, ushauri wangu ni kumuuza ng'ombe na kufuga mbuzi wawili wa maziwa. Mbuzi wa kilo 45 anatosheka na kilo 4 hadi 5 za majani, anatoa lita moja hadi mbili kwa siku akitunzwa, na samadi yake inafaa sana. Mtengenezee jukwaa la mbao lenye kimo cha nusu mita, apande hapo akakamuliwe wewe ukiwa umekaa kwenye kiti. Banda lake liinuliwe kutoka ardhini, sakafu ya fito zenye nafasi, samadi idondoke chini na kukusanywa kwa reki.

Ukiamua kubaki na ng'ombe, basi majani yasogee. Panda matete na majani ya gwatemala kwenye kingo za matuta zilizo karibu na banda. Wafugaji wa Kenya wana njia wanayoiita tumbukiza: mashimo ya kina na upana wa sentimita 60 yanajazwa udongo na samadi, matete yanapandwa humo na kutoa majani mengi katika eneo dogo. Kuchimba ni kazi ya vijana, na inafanywa mara moja. Majani ya kutoka tambarare yaletwe na bodaboda, na gharama hiyo iandikwe kwenye hesabu ya maziwa. Ikiwa maziwa hayailipi, daftari limeshakupa jibu kuhusu huyo ng'ombe.

*Mkungu.* Mkungu mzuri unafika kilo 30 na kuendelea, nao umening'inia juu ya kichwa chako. Usiukate peke yako. Mmoja asimame pembeni akiwa ameshika mkungu kwa mti wenye panda, mwingine akate shina la mgomba kiasi cha nusu tu, karibu na kimo cha kifua. Shina litainama polepole badala ya kuanguka kwa kishindo. Mkungu ukifika kimo cha kiuno, usiutoe mzima. Kata chane mojamoja, pokea kila chane kwenye kikapu, peleka nyumbani kwa safari nyepesi. Anayetaka kununua mkungu mzima aje aukate na kuubeba mwenyewe.

*Toroli.* Toroli la gurudumu moja linadai usawa wa mwili, na usawa huo ndio unaopotea mapema uzeeni. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili ya pikipiki, unaosimama wenyewe ukiuachia. Hakikisha matairi yamejaa upepo. Kwenye mteremko mkali usitumie chochote chenye gurudumu. Weka samadi kwenye gunia, funga kamba, uliburute kuelekea chini.

*Bomba la kupulizia dawa.* Bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linazidi kilo 18 ukijumlisha chombo chenyewe, na unatembea nalo kwenye udongo unaoteleza. Mlipe kijana anayejua kazi, aliyevaa buti, glovu na barakoa. Kama lazima upulize mwenyewe, jaza lita 6 tu, uliweke kwanza juu ya meza au kisiki, kisha uingize mikono kwenye kamba ukiwa umesimama wima.

Hatua ya tatu: rekebisha zana ulizonazo

Usikimbilie dukani. Jembe zuri la palizi kwa mzee mara nyingi liko stoo: lile la zamani lililolika hadi likabaki dogo. Bati lake ni jepesi na linakata magugu juujuu bila kuzama. Lipige tupa upande mmoja hadi liwe na makali, kisha ulitie mpini mpya mrefu. Ukisimama wima na mpini ukiwa wima ardhini, uwe unafika kati ya kifua na bega. Kwa mpini huo huinui jembe juu, unalivuta kuelekea kwako huku mgongo umenyooka. Jembe zito la kulimia usilitie mpini mrefu, maana uzito wa kichwa chake utazidi kuvuta mabega. Hilo mwachie kibarua.

Vidole vinavyouma haviwezi kubana mpini mwembamba. Chukua tyubu ya baiskeli iliyochakaa, ikate utepe wa upana wa vidole viwili, uuzungushe mahali mkono unaposhika ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Maliza kwa kupenyeza ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Mpini unanenepa, hautelezi hata mkono ukiwa na jasho, na gharama ni sifuri. Fanya hivyo kwa panga, mundu, reki na hata kisu cha jikoni.

Noa kila kitu kila wiki. Panga butu linakudai nguvu mara mbili, na nguvu ikizidi ndipo mkono unapoteleza. Mipini yote ipake rangi nyekundu au ifunge kitambaa cha rangi kali, maana macho yakipungua panga lililoachwa kwenye majani halionekani hadi ulikanyage.

Kigoda cha kukalia wakati wa kuchambua mboga kinapendwa, lakini kwa magoti mabovu kiko chini mno. Tafuta kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi, chenye mahali pa kushikilia unapoinuka.

Hatua ya nne: punguza eneo, panda vinavyodumu

Gawa shamba kwa duara kuanzia mlangoni. Hatua za karibu kabisa na nyumba ziwe za vitu unavyovigusa kila siku: mboga, viungo, kuku, miche. Panapofuata pawe migomba, mibuni, mipapai na magimbi, vinavyotembelewa mara chache kwa wiki. Mbali kabisa pawe miti, malisho, au pakodishwe.

Mboga zipande juu. Tuta la mboga lijengwe kwa mawe au mbao hadi kimo cha sentimita 60, ukingo wake uwe mpana wa kukalia. Upana usizidi mita 1.2 kama unalifikia pande zote mbili, au sentimita 60 kama limeegemea ukuta. Bustani ya gunia ni rahisi zaidi. Chukua kopo kubwa lililotolewa kitako na mfuniko, liweke katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha livute kopo juu na kurudia hadi gunia lijae. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati inayosambaza maji mpaka chini. Toboa ubavuni, panda sukuma wiki na spinachi, juu weka vitunguu au nyanya. Magunia manne yanamtosha mzee na mwenzake kwa mboga ya majani, na yanavunwa bila kuinama.

Palizi iue kwa matandazo. Majani makavu ya migomba na mabua, unene wa sentimita 10 hadi 15, yanazuia magugu na kutunza unyevu. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mgomba, kwa sababu matandazo yakigusa shina yanawapa wadudu makazi. Ndani ya mahindi tambaza maboga au fiwi baada ya palizi ya kwanza, na mara nyingi palizi ya pili inakuwa ndogo sana.

Mibuni isipite kimo chako. Kahawa inayokulazimisha kupanda ngazi haina faida, kwa sababu kuvunjika nyonga kunagharimu kuliko mavuno ya miaka mingi. Iliyozeeka na kurefuka ikatwe sentimita 30 hivi kutoka ardhini baada ya mavuno, mkato uwe wa kulalia ili maji yasituame, kisha bakiza machipukizi mawili au matatu yenye afya. Fanya robo ya shamba kila mwaka, maana mbuni uliokatwa hauzai msimu unaofuata. Ukipanda upya, waulize maofisa ugani kuhusu aina bora za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Zinakupunguzia kupuliza dawa, yaani zinakuondolea lile bomba mgongoni. Parachichi nazo zikatwe vilele zingali changa, na zichumwe kwa mti mrefu wenye mfuko na kisu.

Anayefuga nyuki afikirie mzinga wa viunzi vya juu, ambao unakuwezesha kutoa sega mojamoja. Sanduku la asali la mzinga wa ghorofa likijaa ni zito kwa kijana, sembuse mzee.

Hatua ya tano: mahindi baada ya kuvunwa

Msimu huu ndio unaojaza wazee hospitalini kwa viuno. Jenga chanja ya fito kwa kimo cha kiuno, uanike hapo badala ya chini uani. Huinami kugeuza, kuku hawafiki, na mahindi hayanyonyi unyevu wa ardhi unaoleta sumukuvu. Sumukuvu si jambo la kuchezea: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kujua kama yamekauka, weka chumvi kavu kidogo na kiganja cha punje ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha chanjani.

Kupukuchua kwa kupiga mwachie kijana, au ungana na majirani mlipie mashine. Kwenye kuhifadhi, sahau gunia la debe sita. Weka mifuko isiyopitisha hewa mahali pake pa kudumu juu ya mbao, ikiwa mitupu, ndipo uijaze kwa kopo kutoka kwenye ndoo. Mfuko ukishajaa hauhami. Unachota kidogo kidogo, unafunga tena kwa nguvu.

Hatua ya sita: saa za kazi

Kazi za nguvu zifanyike kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne. Mchana ni wa kivulini: kunoa, kuchambua mbegu, kusuka kamba, kulala. Saa kumi jioni unaweza kurudi kumwagilia, na giza lisikukute shambani. Kila nusu saa simama, kaa, kunywa maji. Usingoje kiu, kwani ukishazeeka kiu inachelewa kuliko mwili unavyokauka. Badilisha kazi pia: nusu saa ya kusimama, nusu saa ya kukaa, ili kiungo kimoja kisibebe siku nzima.

Misuli inahitaji chakula chake. Chai kavu na kiporo cha ndizi havijengi mguu. Yai, maharage, maziwa au dagaa viwepo kila siku, na kila asubuhi inuka kitini na kukaa mara kumi bila kushika, au ukiwa umeshika kama bado huwezi. Zoezi hilo dogo ndilo linalokuwezesha kupanda mteremko.

Kifua kikibana, jasho la baridi likikutoka, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukikosa nguvu, acha kila kitu ulichoshika. Piga kelele, piga simu, pelekwa hospitali saa hiyohiyo. Hayo hayangoji mvua ipite.

Hatua ya saba: zuia kuanguka

Chonga ngazi kwenye njia ya mteremko, kila ngazi ishikiliwe kwa gogo lenye vigingi, na upande mmoja weka mti wa kushikilia. Vaa buti za mpira zinazokukaa sawasawa. Kandambili ziishie uani. Mwenye kisukari asitembee peku kamwe, kwa sababu kidonda cha unyayo anaweza asikisikie, na kila jioni akague nyayo zake au akaguliwe. Njia zifyekwe pana, kwa ajili ya macho na kwa ajili ya nyoka. Simu iwe mfukoni mwa shati ukiwa shambani, iwe na chaji, na kuwe na mtu mmoja anayejua leo uko upande gani.

Hatua ya nane: vibarua, majirani na watoto

Kulima na kuchimba mlipe kibarua kwa ngwe, maana huwezi kumsimamia kutwa juani. Palizi ya bustani na mibuni lipa kwa siku, kwa kuwa anayekimbizana na ngwe anakata mizizi. Onyesha mfano wa mita chache za kwanza, kisha kaa kivulini uone kinachoendelea. Kama kuna kikundi cha kulimiana kwa zamu, usijitoe kwa kuwa huwezi jembe. Mbegu zako, uji wa wakulima, na kulea watoto wao siku ya kazi ni mchango halali, sema hivyo mbele ya wote.

Shamba la mbali likilimwa kwa mgao au kwa kukodi, makubaliano yaandikwe, yawe na mashahidi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Patana msimu mmoja mmoja. Usimruhusu aliyekodi apande miti au mazao ya kudumu, maana huko mbele mti huo ndio utakaotumika kudai ardhi yako.

Nanyi watoto: hela ya simu kila mwezi ni njema, ila hela iliyolenga kazi moja inamsaidia mzee zaidi. Mkiulizana kwenye kikundi cha familia nani atoe nini, anzeni na miwani au upasuaji wa macho, kisha buti, kisha gata na chombo cha kuhifadhi maji kabla ya masika kuanza Machi. Mkokoteni, chanja na banda la mbuzi vinaweza kungoja mkija Krismasi, mfanye kwa mikono yenu mchana wa tarehe 26. Na mzee ndiye aseme chanja ikae wapi, banda lielekee upande gani, mgomba upi usiguswe. Msije na ramani yenu kutoka mjini. Yeye anajua maji yanapita wapi mvua ikiwa kubwa.